Mwenzangu anatafuta dawa, mimi nahesabu "enhee"

Mwalimu, shikamoo.

Nasoma safu yako tangu nikiwa mwaka wa kwanza wa uzamivu. Sasa niko mwaka wa tatu, na leo nimeona niandike maana usingizi umeniishia.

Utafiti wangu ni wa isimu. Nachunguza vineno anavyotoa msikilizaji wakati mwenzake anaongea: enhee, mmh, aah, ndiyo ndiyo, haya. Nimerekodi simu za watu wa kawaida kwa ridhaa yao, na kazi yangu ya kila siku ni kuvaa hedifoni na kunakili kila kilichomo: neno, pumzi, kicheko, kimya. Kimya nakipima kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Wiki iliyopita siku yangu nzima iliishia kwenye sekunde 40 za mtu anayemweleza dada yake kwamba hatafika kwenye kikao cha familia.

Chumba nakaa na mwenzangu wa kemia. Anatengeneza molekuli ambazo huenda siku moja zikawa dawa, na tayari jina lake limo kwenye makala tatu za majarida. Mimi sina hata moja. Jirani yetu ni mhandisi anayevunja boriti za zege kwenye mashine ili ajue zinabeba mzigo kiasi gani. Yeye akitoka kazini ana kitu cha kuonyesha.

Mwezi uliopita chuo kiliandaa siku ya watafiti wa uzamivu wa ndaki zote. Dakika tatu kila mtu, slaidi moja tu. Aliyenitangulia alieleza jinsi vimelea vinavyozoea dawa, watu wakapiga makofi hadi nikaogopa kupanda jukwaani. Nilianza na nadharia, nikataja wanazuoni watano, na nilipofika kwenye data yangu muda ukawa umekwisha. Ndipo mmoja wa majaji, profesa wa fani nyingine kabisa, akasema: "Sasa binti, hii 'enhee' inamsaidia nani?" Ukumbi mzima ukacheka. Nilijibu kitu ambacho hata sikikumbuki. Msimamizi wangu alikuwa mstari wa pili. Aliinamia simu yake.

Tangu siku hiyo kila nikivaa hedifoni nasikia kile kicheko. Kaka yangu, ambaye ndiye anayenisaidia ada, aliniuliza nasoma nini hasa, nikabadilisha mazungumzo. Nawaza mambo mawili: nihamie kwenye utafiti wa kompyuta zinazotambua sauti, maana huko ndiko dunia inakokwenda, au niache kabisa nitafute kazi. Wiki sita zijazo nina semina ya ndaki na profesa yule atakuwepo.

Hivi Mwalimu, inakuwaje chuo kimoja kitoe shahada ileile kwa anayetafuta dawa na kwa anayehesabu "enhee"? Ya kwangu ni shahada kweli?

Kuna jambo moja tu ambalo bado linanivuta. Nimeanza kuona kwamba msikilizaji akichelewa kidogo tu kutoa "enhee" yake, msemaji hurudi nyuma akalegeza alichokwisha kusema. Yule aliyesema hafiki kikao aliishia kusema ataangalia. Lakini sijui kama hilo ni kitu.

Ni mimi mwanao,
Msikilizaji

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia chini, kwa sababu jambo kubwa umelizika huko. Mtu alisema hafiki, dada yake akachelewa kuitikia, na "hafiki" ikageuka "ataangalia". Halafu unaniambia hujui kama hilo ni kitu. Ni kitu. Mwaka wa kwanza hukulijua. Umelipata kwa kukaa na sekunde 40 siku nzima, na hakuna mtu angelipata kwa haraka zaidi ya hapo. Nitalirudia.

Kwanza hilo la shahada moja. Jina lenyewe linachanganya watu: wewe, mkemia na mhandisi wote mtaitwa Madaktari wa Falsafa, na hakuna kati yenu aliyesomea falsafa. Ni urithi wa vyuo vya zamani vya Ulaya. Vitivo vikubwa vilikuwa teolojia, sheria na tiba, na elimu nyingine zilizobaki, hisabati, lugha, historia, maumbile, ziliwekwa pamoja chini ya falsafa. Wajerumani ndio walioigeuza shahada ya kitivo hicho kuwa shahada ya utafiti, hasa baada ya Chuo Kikuu cha Berlin kuanzishwa mwaka 1810. Chuo Kikuu cha Yale kikatoa za kwanza za Marekani mwaka 1861, na Oxford ya Uingereza ikaianzisha mwaka 1917. Kwa hiyo tangu mwanzo mtu wa nyota na mtu wa sarufi walikuwa nyumba moja. Hukuingia kwa dirishani.

Kinachowaweka pamoja nimekiona kwa macho yangu. Mimi ni mtu wa historia, lakini kwa miaka mingi nimepangwa kuwa mwenyekiti wa majopo ya utetezi wa tasnifu katika fani nisizozielewa. Kazi ya mwenyekiti ni kulinda utaratibu na saa, basi nilikuwa na nafasi ya kusikiliza. Siku moja alikuja kijana wa hisabati. Mtahini wa nje alikaa kimya karibu dakika nzima akitazama ubao, kisha akanyoosha kidole kwenye mstari wa tatu kutoka chini: "Umejuaje kwamba hii si sifuri?" Kijana akafuta nusu ya ubao, akaandika mistari minne, akasogea pembeni. Mtahini akaitikia kwa kichwa. Hakuna jaribio, hakuna sampuli, hakuna mtu aliyehojiwa. Mistari minne ilitosha, na kama mmoja wao ungekosewa, tasnifu yote ingeanguka nao.

Mwezi uliofuata ikawa zamu ya uhandisi. Binti alikuwa ametupa chumvi kwenye zege ili aone nondo zinavyoliwa na kutu. Swali likawa lilelile: umejuaje kwamba ni chumvi na si mchanganyiko wenyewe? Akafungua jedwali la boriti ambazo hazikutiwa chumvi, zilizomwagwa siku moja na zile nyingine na kupimwa zikiwa na umri uleule. Zege kwa kawaida hupimwa nguvu baada ya siku 28, na hakuna bidii ya mtafiti inayoweza kuziharakisha siku hizo. Nusu ya uzamivu wa mhandisi jirani yenu ni kusubiri. Muulize.

Na kwetu sisi wa nyaraka, ukisema mfanyabiashara fulani alifilisika mwaka fulani, utaulizwa: umejuaje? Unatoa daftari la ushuru, unaonyesha mwandiko, unaeleza kwa nini karani aliyeandika hakuwa na sababu ya kudanganya.

"Umejuaje?" Kwa hilo ndipo shahada inapotolewa. Mwanahisabati anajibu kwa uthibitisho, mhandisi kwa boriti za kulinganisha, mtu wa sheria kwa hukumu na hoja, mwanaanthropolojia kwa miaka aliyoishi na watu, wewe kwa sauti na vipimo vya kimya. Ushahidi wa mmoja haumfai mwingine. Umejipima kwa mizani ya mkemia ukajiona mwepesi, na yeye akipimwa kwa mizani yako atakosa hata cha kuweka.

Profesa yule aliuliza swali la pili, "inamsaidia nani", kabla ya la kwanza, "umejuaje", tena mbele ya ukumbi, tena kwa kicheko. Sikupendezwa. Na msimamizi wako kuinamia simu kumeniuma zaidi, maana pale sentensi moja ya mkubwa ingetosha kukuvusha.

Sasa makala tatu za mwenzako. Kwenye maabara watu huandika kwa kundi: mmoja ametengeneza, mwingine amepima, wa tatu amechora, na mkuu wa maabara mara nyingi jina lake hukaa mwisho. Mwaka 2015 vikundi viwili vya fizikia vinavyofanya kazi na mtambo wa CERN, maabara ya kimataifa ya fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, vilitoa makala ya pamoja kuhusu uzito wa chembe ndogo iitwayo Higgs ikiwa na waandishi 5,154. Kurasa nyingi za makala ile ni majina yao. Wanahisabati wao hujipanga kwa alfabeti, ukubwa usionekane. Fani kama yako na yangu mtu huandika peke yake, kwa miaka, na mara nyingi kazi yote hutoka kwa mkupuo kama kitabu. Ukihesabu makala utakuwa umehesabu desturi za idara, hujahesabu elimu. Hata unene haukusaidii: tasnifu ya mwanahisabati John Nash ya mwaka 1950 pale Chuo Kikuu cha Princeton ilikuwa na kurasa 28 hivi, na ndiyo chanzo cha kazi iliyompa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994. Mtu wa historia akipeleka kurasa 28 atarudishiwa siku hiyohiyo.

(Lakini soma kanuni za ndaki yako. Vyuo vingine hudai makala iliyokubaliwa kabla ya utetezi, vingine huruhusu tasnifu ya makala kadhaa zilizounganishwa. Usikisie. Fungua kanuni, piga mstari, nenda nazo kwa msimamizi.)

Nikupe mtu wa kukaa naye wiki hizi. Mwaka 1967 Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge. Yeye na wenzake walitumia takribani miaka miwili kujenga darubini ya redio, nguzo na nyaya zilizotanda shambani. Ilipoanza kazi, ilitoa karatasi yenye mistari ya wino, karibu mita 30 kila siku, na kazi yake ilikuwa kuipitia kwa macho. Mfikirie. Wewe una hedifoni, yeye alikuwa na karatasi. Siku moja akaona kialama cha kama nusu sentimita ambacho hakikufanana na kitu alichokuwa akikitafuta wala na kelele za umeme wa watu. Angeweza kukiruka. Akakumbuka amewahi kukiona, sehemu ileile ya anga. Akaongeza kasi ya karatasi, na kialama kikafunguka kikawa mapigo, moja kila baada ya sekunde 1.3 hivi, bila kukosea. Msimamizi wake alidhani mwanzoni ni kitu cha binadamu, lakini sivyo. Hivyo ndivyo pulsari, nyota zinazozunguka zikituma mapigo ya redio, zilivyojulikana. Na tasnifu yake je? Ilihusu vyanzo vingine vya redio, kama ilivyosajiliwa. Pulsari aliziweka kwenye kiambatisho.

Kilichomfaa ni kwamba alikuwa ameitazama karatasi kwa muda mrefu kiasi cha kujua ipi ni kawaida. Na wewe sasa una sikio linalojua "enhee" ya kawaida, ndiyo maana iliyochelewa ilikushtua.

Hata hivyo sitakuambia swali la "inamsaidia nani" ni la kudharau. Ada ya kaka yako ni jasho la mtu, na waliokupa simu zao wamekupa siri zao. Wana haki ya jibu. Ila jibu unalo, hukulitoa tu.

Mwaka 2009 kundi la watafiti lililinganisha lugha kumi za mabara mbalimbali wakakuta kwamba kimya kati ya swali na jibu, kwa wastani, ni kama milisekunde 200, yaani sehemu mbili za kumi za sekunde. Lugha zinatofautiana kidogo tu. Binadamu karibu wote tunajibu kwa upesi huo, na ndiyo sababu ukichelewa kidogo mwenzako anajua kuna jambo. Sasa sikia lingine. Mwaka 2007 mwanasosholojia John Heritage na wenzake nchini Marekani waliwaomba madaktari wamuulize kila mgonjwa, baada ya tatizo la kwanza, kama ana lingine. Kiingereza kina namna mbili za kuuliza hivyo, zinatofautiana kwa neno moja dogo: moja inamwelekeza mtu kwenye ndiyo, nyingine kwenye hapana. Kwa wagonjwa waliokuja na matatizo zaidi ya moja, ile ya kwanza ilipunguza kwa asilimia 78 yale waliyoondoka nayo bila kuyasema. Ile ya pili, ambayo madaktari wengi huitumia, haikusaidia. Neno moja, mwanangu. Na waliolibaini ni watu waliokaa na rekodi kama zako, wakipima pumzi na kimya.

Mwenzako wa kemia akipata dawa yake, lazima daktari aiandike, na daktari ataiandika baada ya kusikiliza. Kama mgonjwa alianza kusema jambo, akakutana na kimya, akalilegeza hadi likawa "si kitu daktari", molekuli nzuri itabaki kabatini. Hapo kazi zenu mbili zinagusana. Mwambie hilo jioni moja mkiwa chumbani, kisha mwache naye akueleze ni majaribio mangapi yalimharibikia kabla ya makala ya kwanza. Nadhani hamjawahi kuulizana.

Kuhusu kuhamia kwenye kompyuta: usihame kwa ajili ya kicheko. Mwaka wa tatu ukibadili mada unarudi kwenye pendekezo la utafiti, kamati ya maadili, ridhaa mpya za watu, na zaidi ya yote sikio jipya. Lakini nenda ukawaone watu wa idara ile. Mashine inayozungumza na mtu inahitaji kujua lini anyamazapo amemaliza na lini anavuta pumzi, na hilo ndilo daftari lako limejaa. Huenda ukapata sura ya mwisho ya tasnifu, huenda ukapata mtu wa kufanya naye kazi baada ya utetezi. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google, walipokuwa wanafunzi wa uzamivu wa kompyuta Stanford walichukua desturi ya wanazuoni ya kunukuliana, kwamba kazi inayonukuliwa na kazi nzito ina uzito, wakaitumia kupanga kurasa za intaneti. Waliazima kwa jirani wakiwa wamesimama kwao.

Na uzamivu haukufungi maisha. Wangari Maathai aliupata Nairobi mwaka 1971 kwa anatomia ya mifugo. Dunia inamkumbuka kwa miti na kwa Nobel ya Amani ya mwaka 2004.

Kuacha kabisa? Kama ungeniambia kazi imekuchosha, au huamini tena unachokiona, ningekaa nawe tupange namna ya kutoka kwa heshima, maana wapo walioacha wakafanya vizuri sana. Wewe hukusema hivyo. Umesema ulichekwa, halafu ukaniandikia aya nzima kuhusu "ataangalia".

Msimamizi wako: omba nusu saa, usipeleke malalamiko ya siku ile kwanza. Peleka vipande vitatu vya rekodi ambamo "enhee" imechelewa na vitatu ambamo imekuja kwa wakati. Muulize: hii ni sura ya tasnifu? Akishaingia kwenye data, mwambie kwa adabu kwamba siku ile ulitamani aseme neno. Wasimamizi wengine hunyamaza kwa kudhani wanamwacha mwanafunzi asimame mwenyewe. Akirudia kuinamia simu, tafuta msimamizi wa pili, kanuni za vyuo vingi zinaruhusu.

Kaka yako mpigie leo. Mwambie unachunguza jinsi mtu anavyobadili kauli yake kwa sababu tu mwenzake alichelewa kuitikia. Ataelewa. Pengine atakutajia simu ya jana yake.

Na semina. Mashindano ya dakika tatu yalianzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008, na muda mfupi hivyo unamtaka mtu aseme alichokiona kabla ya kutaja waliomtangulia. Wewe ulifanya kinyume: wanazuoni watano mbele, "enhee" nyuma, watu wakaisikia ikiwa uchi. Safari hii nadharia iwe mwisho. Simama, usisalimie kwa maneno mengi, wasikilizishe yule mtu akimwambia dada yake hafiki kikao. Izime rekodi hapo anapomaliza kusema, kabla dada hajaitikia. Kisha nyamaza sekunde moja nzima, mara tano ya kile kimya ambacho binadamu amezoea, uwatazame usoni, profesa yule akiwamo, na wakianza kujigeuzageuza vitini waeleze ni nini wamekisikia.